Mashairi kwa Waanika Ndagala

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, kwa muda wa dakika ishirini. Naanza daftari hili kwa sababu nina jambo la kuamua kabla mvua hazijakatika, na mtu anayeamua peke yake hana budi kuandika, asije akajidanganya.

Jana binti yangu Léonie alinipigia simu kutoka Lubumbashi, kama afanyavyo kila Jumapili baada ya misa.

"Papa, ile nyumba ni kubwa sana kwako. Huku chumba chako kiko tayari."

"Mwalimu hahami katikati ya muhula."

"Papa! Uko retreti tangu miaka kumi na moja."

Ni kweli nimestaafu. Nilimwambia nitampa jibu mvua zitakapokatika. Sikumweleza ninachongojea, lakini hapa nitakiandika. Nina mashairi mia mbili na kumi na mawili katika madaftari tisa, yote ya mizani kamili, kama nilivyofundishwa na mapadre kule Moba. Msikilizaji wangu alikuwa mmoja, marehemu mke wangu Hortense, na sasa ni miaka miwili tangu tumzike. Kama katika Kalemie nzima sitapata mtu wa kuyasikia, sina sababu ya kubaki. Kunyamaza ninaweza hata Lubumbashi.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya misa nilimsomea Bwana Aristide, kiongozi wa kwaya, shairi moja la beti saba. Aliuliza linaimbwa kwa sauti gani, na kama beti mbili zisingetosha.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Nimepalilia kaburi la Hortense. Nilikuwa na daftari mfukoni, lakini kulikuwa na watu, sikusoma.

Alhamisi, 9 Novemba

Nilishuka ufukoni kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Pale mchangani wanawake kama kumi na wanne huanika samaki wao tangu jua linapochomoza. Wanawatandaza juu ya nyavu kuukuu, wanawageuza kwa mkono, wanafukuza kunguru na mbuzi, na wanatazama mawingu upande wa kaskazini. Wingu likikaribia wanaanua kila kitu kwa pamoja, bila kuuliza hawa ni wa nani na wale ni wa nani. Lipitapo wanaanika tena. Katikati ya kuanika na kuanua wanakaa.

Niliganda hapo na kikapu changu. Watu waliokaa, mikono ina kazi, masikio hayana. Miaka arobaini nilifundisha watoto waliotaka kutoka nje, na hawa wako nje tayari.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimekwenda. Nilivaa shati jeupe na tai, kwa kuwa shairi halisomwi kwa kaptura. Niliwasalimu, nikasema kwamba ninaomba kuwasomea maneno machache wakiwa kazini. Mwanamke mnene aketiye karibu na mtumbwi uliopasuka, wanayemwita Mama Bijou, alijibu kwa niaba ya wote.

"Soma tu, Papa. Siku ni ndefu."

Nilifungua shairi langu la Ziwa, ambalo nalihesabu kuwa bora kuliko yote:

Ziwa letu mama yetu, watulea bila choyo,
Watulisha wana wetu, watuburudisha moyo.

"Amina!" wakasema wote.

Nilidhani wananitania. Nikasoma ubeti wa pili. "Amina!" Wa tatu, na mmoja akainua mikono miwili yenye magamba ya samaki, akafumba macho. Nilipomaliza, Mama Bijou alisogea akapiga goti mbele yangu.

"Pasta, uniombee mugongo. Tangu mwezi wa saba unaniuma."

"Mimi si mchungaji, mama."

"Kama hauko pasta, ile Kiswahili ya Biblia uliitosha wapi?"

Walicheka. Kutoa wao huita kutosha. Mwingine, mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alisema bila kuacha kugeuza samaki wake: "Mumuache. Labda Kanisa lake lingali bila jina."

Huyo ni Mama Pascasie. Ni Mbembe, ametoka pwani ya kaskazini na mdogo wake mvuvi. Ulimi wake ni mkali.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hapa kwetu mtu akivaa tai na kushika daftari jeusi na kusema Kiswahili kilichonyooka, basi ni mhubiri. Hawawezi kufikiria kazi nyingine ya maneno mazuri.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimewaeleza. Niliwaambia kwamba shairi si mahubiri, na kwamba mtu akikatiza ubeti kwa Amina ni sawa na kumkata msemaji ulimi. Shairi husikilizwa kimya, mpaka mwisho.

"Hata kama iko nzuri?" Mama Bijou aliuliza.

"Hasa ikiwa nzuri."

Nikasoma. Walinyamaza. Nilisikia mawimbi, kunguru na sauti yangu mwenyewe. Nilipofunga daftari Mama Pascasie alisema: "Kimya kama ku biro ya serikali." Nilimtazama. Akainama kwenye samaki wake.

Hata hivyo nimefurahi. Ni mara ya kwanza tangu Hortense afariki kusoma shairi zima bila kukatizwa.

Alhamisi, 30 Novemba

Wasikilizaji kumi na mmoja. Kimya kizuri.

Alhamisi, 7 Desemba

Wanane. Mvua iliwafanya waanue mara tatu. Wanapoanua mimi husimama na mwavuli wangu, nikingoja.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Wali na kuku, sahani moja. Léonie alipiga simu, wajukuu walipiga kelele nyuma yake. Aliuliza kama mvua bado. Nikasema bado.

Alhamisi, 11 Januari

Ziwa limepanda. Mtumbwi uliopasuka, ambao mwezi wa kumi na moja ulikuwa mchangani, sasa unaguswa na maji. Wanawake wamesogea nyuma kwa hatua kumi.

Nilisoma kwa watu sita. Nilipomaliza, Mama Pascasie aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni.

"Papa Mwalimu, ukisoma vile, unataka siye tukufanyie nini?"

"Msikilize."

"Tunasikia. Na ukiisha kusoma?"

"Mmesikia. Inatosha."

"Weye utajuaje kama tulisikia, ao tulilala macho wazi?"

Mdogo wake alikuwapo, amekuja na sanduku la samaki wabichi begani. Anaitwa Chérubin, ni mrefu, anacheka kwa meno yote. Yeye huvua usiku kwa taa na wenzake wanne. Alimkemea dada yake:

"Yaya, usimusumbue Papa. Mimi njo nina neno." Akageukia kwangu; njo yao ni ndiyo yetu. "Lile shairi la ziwa, walinisimulia. Unaliita mama. Papa, ziwa haliko mama ya muntu. Linakupa leo, kesho linakudai."

"Ni tamathali, kijana wangu."

"Njo nini ile?"

"Ni kusema kitu kwa jina la kingine."

"Aa! Basi uliite mukwe," akasema, na wanawake wote wakacheka mpaka Mama Bijou akashika mgongo wake. Nami nilicheka. Naandika hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sikumbuki lini nilicheka mbele ya watu.

Alhamisi, 25 Januari

Mvua siku nzima. Sikushuka.

Jumanne, 20 Februari

Ninaandika asubuhi.

Jumapili upepo ulivuma kutoka kaskazini kuanzia machweo. Mitumbwi saba ya taa ilikuwa imekwisha kutoka. Jana mchana sita ilikuwa imerudi. Ule wa Chérubin ulikutwa umepinduka upande wa Kabimba. Wawili walikuwa wameushikilia, wako hai. Wawili walipatikana jana jioni, wamekufa. Chérubin hakupatikana.

Alhamisi, 22 Februari

Bado hajapatikana. Leo hakuna aliyeanika. Nilishuka, nikasimama mchangani peke yangu pamoja na kunguru, nikapanda tena.

Jumamosi, 2 Machi

Leo ninaandika kwa urefu.

Matanga ya Chérubin yalifanyika uani kwa Mama Pascasie, bila maiti, chini ya turubai la bluu lililokodiwa. Siku kumi na mbili walikuwa wamengoja ziwa limrudishe. Hata watu wa Kanisa lao walisema inatosha, mtu aombewe. Mchungaji wao alihubiri kwa saa moja na nusu. Alikataza vilio vya zamani, akasema aliyeokoka halii kama mpagani. Mama Pascasie alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, macho makavu. Wanawake wa mchangani walimzunguka, kumi na watatu wote.

Mchungaji alipoketi, Mama Pascasie aliinua kichwa.

"Papa Mwalimu iko pale. Yeye naye aseme neno yake."

Nilikuwa na shairi. Nililiandika wiki nzima, nikilifuta na kulirudia. Si lile la mama. Lile nimelitoa katika daftari kwa wembe. Hili lilianza hivi:

Maji hayana mlango, ubishe ufunguliwe,
Hayana hata ukingo, ushike uokolewe.

Nilisimama chini ya turubai, nikasoma ubeti wa kwanza, nikavuta pumzi. Na katika ile pumzi, nikiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, niligundua kwamba ninangoja. Sikujua ninangoja nini. Niliinua macho. Mwanamke mmoja katika safu ya mbele alikuwa amefungua kinywa, na Mama Bijou akamwekea mkono juu ya paja. Alinong'ona, lakini nilimsikia vizuri:

"Nyamaza. Papa hapendi."

Akafunga kinywa.

Nikasoma wa pili. Kimya. Wa tatu. Mvua ilikuwa ikipiga turubai. Mama Pascasie alikuwa amenikazia macho, na kila ubeti ulipokwisha midomo yake ilitikisika, halafu akaibana. Nilitaka kuwaambia: semeni, semeni lolote. Lakini mtu hawezi kusimama mbele ya msiba na kufuta kanuni aliyoitunga mwenyewe. Ama anaweza, na mimi nilishindwa. Nilisoma beti zote nne katika kimya nilichokiagiza. Nikaketi. Hakuna aliyenitazama. Baada ya muda mtu mmoja alianzisha wimbo wa Kanisa, wote wakaupokea kwa sauti kubwa, kama watu waliotolewa kifungoni.

Niliondoka kabla ya chai.

Jumatano, 6 Machi

Tangu Jumamosi ninamfikiria Hortense. Tulipooana nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mwezi ule wa kwanza nilimsomea shairi jikoni, na katikati ya ubeti alisema, "Ee, njo vile kabisa!" Nilifunga daftari nikamwambia kwamba shairi halikatizwi. Hakulikatiza tena. Miaka thelathini na minane alichambua mchele na kunisikiliza kwa kimya, nami nilijivuna kwa watu kwamba mke wangu anajua kusikiliza. Sasa siwezi kusema ni shairi gani alilipenda. Sijui kama alilipenda hata moja. Nilikuwa naye chumba kimoja, na sikumpa nafasi ya kunijibu.

Nitamwambia Léonie kwamba ninakuja. Lakini sitavunja ahadi. Nitangoja mvua zikatike.

Alhamisi, 14 Machi

Sikushuka.

Alhamisi, 21 Machi

Sikushuka. Mvua.

Jumapili, 7 Aprili

Ziwa limemeza mchanga wote na safu ya kwanza ya nyumba. Kutoka barazani ninaona mapaa ya bati yametoka majini kama madaftari yaliyofunguliwa kifudifudi. Watu wanapita na magodoro kichwani. Nimemwambia Léonie anunue tiketi ya mwezi wa tano.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefunga madaftari tisa katika sanduku la bati. Vitabu vya sarufi nitawapa mapadre.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama Pascasie amekuja nyumbani. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua nyepesi. Hakubisha hodi, alisimama uani akatazama sakafu ya saruji niliyojenga mwaka wa mwisho wa kazi, kisha akalitazama sanduku mlangoni.

"Unakimbia."

"Nahamia kwa binti yangu. Karibu, mama, ukae."

Alikaa barazani. Nilimwambia kile nilichopaswa kumwambia siku nyingi: kwamba niliuharibu msiba wake.

"Haukuharibu. Siye tulinyamaza juu weye ulikataza. Papa, tulikuwa na Amina kumi na ine mu kinywa, tukazimeza zote."

"Mlinidhania mchungaji."

"Siku ya kwanza. Siku ya pili tulijua hauko pasta. Pasta anakaa siku mbili bila kuomba sadaka?" Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Tungeendelea kusema. Muntu akitosha neno na hakuna wa kulipokea, lile neno linamurudilia. Linamulalia mu kifua. Nilikuwa nakuona pale unasoma, nikasema: huyu mzee maneno yake yote yanamurudilia, atapata ugonjwa."

Tulitazama mvua.

"Na mimi niko nalo," akasema. "La Chérubin. Kwetu dada njo anasema kilio cha kaka yake. Si wimbo wa Kanisa. Kama ningelisema kule matanga, wangenitosha mu kwaya. Nikilisema kwa Mama Bijou, kesho soko nzima inajua. Mama yetu alikufa. Hapa Kalemie sina muntu wa kuniskia." Akanigeukia. "Weye unajua kusema shairi. Kusikia, sijui kama unajua. Lakini hauna mudomo. Leo weye njo utanyamaza."

Alivua kitambaa cheusi, akakikunja magotini, akaanza. Lilikuwa la Kibembe. Sijui Kibembe. Nililijua jina la Chérubin, na jina jingine ambalo nadhani ni la nyumbani, na neno moja lililorudi kila baada ya mistari michache. Hakuimba na hakusema. Ilikuwa njia iliyo katikati, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukigeuka, ukigeuka, kama anayegeuza samaki. Sikuhesabu mizani. Nilijaribu mwanzoni, kwa mazoea, nikaacha.

Halafu alitua. Alivuta pumzi, akanitazama, naye alikuwa anangoja. Niliijua pumzi ile. Nilikuwa nimeivuta mwenyewe chini ya turubai la bluu.

Sikujua kwao huitikiwaje. Nilisema nililoweza:

"Nakusikia, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Kila alipopumua nilisema, "Nakusikia." Mara ya tano au ya sita sauti yangu haikutoka vizuri. Ndipo alipolia. Alilia kwa nguvu, kifua chote, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamfanyia ishara aondoke. Mama Pascasie alilia na kusema, na mimi niliitikia. Mvua ilikatika na jua likatoka juu ya saruji iliyolowa, na yeye alikuwa bado hajamaliza.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa.

"Kwetu hatuitikaki vile," alisema. "Lakini inatosha."

Sikumsomea kitu. Hakuniomba.

Akisimama kuondoka aliikanyaga saruji ya ua kwa kisigino mara mbili tatu, kama mnunuzi.

"Hii inakauka upesi. Na iko juu, maji hayafiki. Siye tunaanika juu ya majani ya barabara, mbuzi wanakula nusu." Akangoja kidogo. "Lakini weye unakimbia."

Jumatatu, 29 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi wamekuja kumi na wanne, na masinia na nyavu. Sikumbuki kuwaambia ndiyo. Mama Bijou amefagia ua ambao nilikwisha kuufagia.

Alhamisi, 2 Mei

Nyumba nzima inanuka ndagala. Inanuka pazia, inanuka shati langu la misa. Mama Bijou alinikuta nikipuliza magamba kutoka juu ya kiti, akacheka: "Papa Mwalimu, utazoea. Marehemu bwana wangu alizoea miaka makumi mbili, akafa kwa malaria." Alinisimulia kwamba bibi yake, Mholoholo wa hapa hapa, alikuwa na maneno marefu ya kuusifu Mto Lukuga, na kwamba yeye anayajua yote, lakini watoto wake wakimsikia wanawasha redio.

"Beti ngapi?" nikauliza.

"Sijui kuhesabu vile. Inaanza tukianika, inaisha tukianua."

Wingu lilikuja hapo, wote wakaruka. Nami niliacha kiti nikaanua pamoja nao, na tai yangu, na kwa mara ya kwanza nilishika samaki bila kuuliza ni wa nani.

Jumatano, 15 Mei

Siku tisa bila tone. Mvua zimekatika.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia Léonie adhuhuri, nikamweleza habari ya mashairi na wanawake walioko uani, nikamwambia arudishe tiketi.

Alikaa kimya kwenye simu, kimya cha mama yake kabisa. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Useme lolote."

"Papa, nimeshangaa tu. Njo kusema wamekubali kusikiliza mashairi yako?"

Nilitazama uani. Walikuwa wanageuza samaki. Sanduku la bati bado limefungwa. Mama Pascasie amelifanya kiti.

"Bado sijawasomea," nikamjibu. "Kesho ni zamu ya Mama Bijou kuusifu mto."